Maiki ya Shangazi

Nilipopanga kumrekodi shangazi yangu katika kichekesho cha dakika tatu, mama mkwe na mkwewe wanagombea ufunguo wa friji, niliwaza kamera tu. Sauti, nilidhani, hujileta yenyewe. Kwa Upanga, Dar es Salaam, ni kweli: hujileta, pamoja na ukoo wake wote. Ambulansi inayokimbilia hospitali ya Muhimbili. Jenereta la ghorofa ya jirani. Na kunguru, ambao mababu zao waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka. Sasa wamehamia kwenye mazungumzo yangu.

Nikateremka Kariakoo, Mtaa wa Aggrey. Muuzaji akanitolea maiki ndefu, ile inayoitwa bunduki. "Bosi, hii inasikia hata ukiwa mbali." Hapo ndipo nilipoingia mkenge, maana kusikia ya mbali ndiyo shida niliyotoka nayo nyumbani. Isitoshe, sebule ya shangazi ni vigae chini na saruji pande zote. Neno likitamkwa linapiga ukutani na kurudi na wenzake. Bunduki ikayaokota yote. Shangazi akasikika kama anagomba ndani ya pipa.

Nikairudisha, nikaongeza hela, nikapewa vimaiki vya kubana kwenye nguo, visivyo na waya. Hesabu yenyewe naikubali: umbali ukizidi mara mbili, nguvu ya sauti hubaki robo, basi maiki ikae jirani na mdomo, kunguru ashinde huko. Ila habari za mtandio hakunitajia mtu. Kila shangazi akigeuza shingo, kitambaa kinakwaruza kama mtu anakuna nazi.

"Shangazi, usitikise kichwa."

"Nigombe bila kutikisa kichwa? Umeona wapi?"

Usiku nikasikiliza vipande kumi na saba. Hakuna hata kimoja kinachofaa. Kisha nikakuta cha kumi na nane, kilichonaswa kwa kuwa nilisahau kuzima maiki. Shangazi kaingia chumbani na maiki yake kifuani, kavua mtandio, kaketi kitandani kati ya godoro na kabati lililojaa khanga, kampigia dada yake. Mwangwi hakuna, kunguru hakuna. Sauti ya redioni kabisa:

"Wenzake wananunua viwanja Kigamboni, yeye ananunua maiki. Kanibandika kidude kifuani kama mgonjwa wa moyo. Na hata soda hajanipa!"

Asubuhi akaniuliza, "Imetoka?"

"Imetoka, shangazi. Safi sana." Nikamwekea soda mezani.

Akaitazama soda. Halafu akaitazama maiki.