Shangazi Nijibu: Kikapu Kimoja, Mikono Mingi

Shangazi, kikundi chetu kilipewa sampuli ya kikapu chenye mistari miwili myeusi. Mimi nikaona miwili ni ubahili, nikaongeza wa tatu na kaua kadogo. Vyangu vyote vimerudishwa. Kipaji ni kosa?
— Fundi, Kibondo

Kipaji si kosa, ila umekipitisha dirishani. Kazi za mikono za ukanda huu zinafika mbali: WomenCraft ya Ngara imeuza nje vikapu vya wanawake wa mpakani, wakiwemo wakimbizi wa Burundi, na imeshiriki MADE51, mradi wa kazi za mikono za wakimbizi wa UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Mnunuzi wa huko ameona picha moja tu. Hajui kwamba nusu ya oda imesukwa Kibondo na nusu Kasulu, wala hataki kujua. Kaua kako, peke yake kati ya vikapu vya wenzako, kataitwa kasoro.

Ukitaka kaua kaingie kwenye sampuli, suka kikapu kimoja nje ya oda, kwa nyasi zako. Andika upana wa mdomo, idadi ya mizunguko toka kitakoni, rangi umeichemshaje na ua linaanzia mzunguko wa ngapi. Mpelekee msukaji wa Kasulu maandishi tu. Kikapu baki nacho. Akitoa kilekile, lete vyote viwili kwenye kikao cha vikundi, kaua kakubaliwe. Akitoa ungo, hujamaliza kuandika.

Shangazi, kijiti changu cha kupimia na futi kamba ya mwenyekiti vinapishana sentimita mbili. Nani mkweli?
— Mnyonge, Kasulu

Futi kamba ya kitambaa huvutika ikizeeka. Kateni vijiti sawa, kila kikundi kimoja, mpime vikapu vikiwa vikavu. Mwenyekiti apimiwe vyake pia.

Nyuzi zangu nilizichambua kwenye mifuko ya plastiki. Siku hizi siioni.
— Mama Rangi, Kibondo

Mama, mifuko hiyo ilipigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019! Chagueni uzi mwingine, mbadilishe wote kwa oda moja, na sampuli ya zamani ishushwe ukutani siku hiyohiyo. Ikibaki, kuna mtu ataisuka.

Ua langu lilikubaliwa. Sasa jirani analisuka, anasema lake.
— Nimeibiwa, Kasulu

Ulipolileta kikaoni uliruhusu kila mtu alisuke. Hukuruhusu jina lako lifutwe. Wenyeviti mnaonisoma, nunueni daftari wiki hii, muandike kila ua limetoka kwa nani.