Boxer Mbili, Geti Moja

Nani aliwaambia watu hawa kwamba mtu akishanunua pikipiki yenye bei ya kiwanja Kigamboni lazima avae ng'ombe mzima? Koti la ngozi, suruali ya ngozi, glavu za ngozi, buti za ngozi zinazokaribia magoti. Dar es Salaam hii, mwezi wa pili, jua limenuna tangu saa moja asubuhi, na ndugu zangu wamejipanga kwenye sheli moja ya Tegeta wakichuruzika jasho na kugonganishana ngumi. Mimi nilivaa shati la mikono mifupi na makubazi. Wakanitazama kwa huruma. Nikawarudishia.

Aliyenialika ni shemeji yangu, kaka yake mama watoto, ambaye tangu anunue lile dubwana la BMW hatujala naye pilau bila kusimuliwa injini. "Shemeji, njoo mara moja tu, utaelewa," alinisihi. Nikauliza nitaelewa nini. Akasema halielezeki, ni jambo la kuhisi. Nikajua hapo hapo kuna mchango.

Na ulikuwepo. Wa chakula, wa fulana, wa stika, wa gari la wagonjwa, na wa zawadi ya mgeni rasmi. Kundi la WhatsApp likaanza kuiliza simu yangu usiku wa manane. Wenyewe wanasema pikipiki ni uhuru. Uhuru huo una mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kamati ya nidhamu na faini ya kuchelewa. Ofisini kwetu hatuna faini ya kuchelewa, na sijawahi kumsikia mtu akituita watu huru.

Ahadi ilikuwa nipakiwe na shemeji. Kufika, siti ya nyuma imezungukwa na masanduku matatu ya alumini, na juu yake limefungwa begi lisilopenya maji. Bagamoyo haifiki kilomita 80 kutoka katikati ya jiji, njia yote ni lami, na muuza maji hakosekani. Lakini shemeji alikuwa amefungasha vya kuvukia Sahara: hema, jiko, pampu, kamba. Nikamwita kijana wa bodaboda kutoka kijiwe cha jirani, tukapatana bei ya kwenda na kurudi, pamoja na ya kunisubiri. Boxer, cc 150, siti imefungwa nailoni, kioo cha pembeni kimoja.

Kabla ya kuondoka tukapewa maelekezo ambayo nusura yaizidi safari. Kiongozi anatangulia, wa mwisho anafunga, na hakuna kumpita kiongozi. Mmoja akae kulia mwa njia, anayemfuata kushoto, wasiende bega kwa bega, ili kila mtu awe na pa kukwepea. Hilo nalikubali, lina akili. Halafu zikaja ishara. Ukiona polisi mbele, jigonge juu ya helmeti. Ukiona shimo, nyoosha mguu upande lilipo. Nikamwangalia kijana wangu. Alikuwa amejilaza juu ya tangi la mafuta. Yeye ana ishara moja tu, honi, na maana yake hutegemea hasira.

Kuanzia Bunju nikashuhudia watu wazima wenye familia wakirusha miguu kushoto na kulia barabara nzima. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa, TaSUBa, wanafundisha ngoma pale. Hawa wangepokelewa bila usaili. Yule wa mwisho naye hakuchoka kutupungia tupite. "Dogo, pita! Huu ni msafara." "Na mimi nasafiri, bosi," kijana akajibu, akabaki nyuma yake kwa mwendo wa 50, huku akininong'oneza kwamba mwendo huo unamharibia plagi.

Tukafika kwenye hoteli moja ya ufukweni. Mlinzi akainua mkono. "Bodaboda mwisho hapa. Leo ni siku ya pikipiki."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Nikashuka, nikaingia kwa miguu, kijana akasogeza Boxer yake chini ya mwembe nje ya geti.

Ndani hakuna anayeendesha chochote. Hilo ndilo ningependa kuambiwa mapema. Pikipiki zimepangwa mstari, na watu wanatoka moja kwenda nyingine, wanainamia injini kama wakwe waliokuja kukagua bibi harusi, wanatikisa vichwa, wanahama. Kugusa ni mwiko. Mmoja yake ililetwa kwenye pikapu, imefunikwa turubai isishike vumbi. Nilipohoji, shemeji akanisomea habari za Sturgis, kule Dakota Kusini, Marekani, ambako mkusanyiko ulianza mwaka 1938 na washindani 9 wa mbio, na siku hizi kila Agosti wanajaa watu kwa mamia ya maelfu. Hata huko, akasema, wapo wanaovuta pikipiki kwa trela mpaka karibu na mji, ndipo wanazipanda. Alidhani anamtetea mtu wa pikapu.

Mzee mmoja mwenye kizibao kilichojaa nembo akaniuliza nimekuja na nini. Nikasema Boxer. Uso ukamchangamka. "Safi sana! Hata yangu ni boxer." Akanivuta mkono mpaka kwenye BMW ya kilo 249, akanionyesha silinda mbili zilizochomoza huku na huku, akaniambia BMW wanatengeneza pikipiki za mpango huo wa injini tangu mwaka 1923. Nikasema ya kwetu ina silinda moja, asili yake India, na ndiyo iliyoniletea mtungi wa gesi jana jioni. Akauachia mkono wangu.

Mgeni rasmi alitarajiwa saa nne. Akafika saa saba na nusu, ndani ya shangingi lililofungwa vioo, kiyoyozi kinavuma. Akahutubia usalama barabarani, yaani aliwasema bodaboda kwa nusu saa. Makofi yakapigwa, ingawa makofi ya glavu hayana sauti. Mwanawe mdogo akawa anapandishwa juu ya pikipiki moja baada ya nyingine apigwe picha, na ule mwiko wa kugusa sikuusikia tena.

Saa kumi, wakati wa kuondoka, BMW ya shemeji ikagoma. Taa zinawaka, kioo kinaandika maneno, injini kimya. Wataalamu wakazunguka. Huyu anasema betri, yule sensa, mwingine programu inataka kusasishwa, mwingine apigiwe simu fundi Johannesburg. Nikatoka kumwambia kijana tutachelewa. Akauliza kuna nini, na kabla mlinzi hajamaliza kusema "we dogo", alikuwa ameshaingia.

Akaitazama kidogo. Akapeleka kidole gumba kwenye ile swichi nyekundu ya kuzimia injini, pale kwenye mpini wa kulia, akairudisha mahali pake. "Washa, bosi." Ikanguruma. "Watoto wanapenda kuibonyeza," akasema.

Shemeji akachuchumaa ghafla kukagua upepo wa tairi. Mwenyekiti akakohoa. Aliyefika kwa kijana wa kwanza ni mweka hazina, kitabu cha risiti mkononi: kwa mujibu wa utaratibu, aliyevuka geti ni mshiriki, na mshiriki analipia fulana. Kijana akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akaninyooshea kidole.

"Mdai huyu mzee. Mimi nalipwa kwa kusubiri, na hapa bado nasubiri."