Sifa za Propela Iliyomeguka

Jahazi limesifiwa, nahodha kasifiwa, hata tanga limepata washairi wake. Propela ya aluminiamu iliyokula mwamba wa kisiwa cha Changuu haijaambulia ubeti mmoja. Hii ni dhulma, maana katika boti nzima ya watalii inayong'oa nanga Shangani hakuna kiungo chenye uungwana kuishinda.

Ya chuma cha pua hung'aa, huenda mbio, tena hujivuna. Ikigonga mwamba haipindi upesi. Kishindo hukipeleka ndani, kwenye shafti na gia, na mwenye boti akahesabu noti mbele ya fundi. Ya aluminiamu hujitoa mhanga: panga lameguka, gia zimesalimika, abiria wanarudi salama wakitetemeka mpaka meno, na mtetemo huo hawatozwi hata senti. Kwetu Unguja, ambako maji ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita 4, na palipoelea boti alfajiri huwa matumbawe matupu ifikapo saa nne asubuhi, mwenye tabia hiyo ni wa kuoa.

Na elimu je? Imechongwa namba mbili, tuseme 13 na 19: inchi 13 ni upana wake, inchi 19 ni hatua ambayo ingepiga kwa mzunguko mmoja lau ingekuwa skrubu na bahari ubao. Vijana dukani huchagua hatua ndefu, wakitaka mbio. Kisha hupakia ukoo mzima wa wageni na madebe ya barafu, mashine ikashindwa kufikia mizunguko yake, ambayo kwa nyingi za siku hizi ni 5000 hadi 6000 kwa dakika. Inanguruma, haiendi, na petroli inakwisha. Dawa ni kupunguza hatua: inchi 2 hurudisha mizunguko 300 au 400 hivi. Lakini nani atanunua propela ya pili? Mwamba humfanyia hisani. Ncha zikimeguka, mapanga hushika maji machache, na mizunguko hupanda yenyewe. Aliyekosea saizi mjini husahihishiwa Changuu, bila risiti.

Nasikia wapo wanaolalamika kwamba propela iliyomeguka inapunguza mwendo. Waende Kizimkazi wakawaulize pomboo, wanaofukuzwa na boti kila asubuhi, ni propela ipi wangeipigia kura.