Jinsi ya Kuchora Kitufe Mara Moja Ukalala Usingizi

Anza kwa kuondoa mikono kwenye kibodi. Umeshachora kitufe cha kwanza, kijani, pembe zimeviringishwa, neno "Endelea" limeketi katikati kama bwana harusi, na vidole vinakuwasha ubonyeze Ctrl+Alt+K ili programu ya usanifu ya Figma ikigeuze kuwa komponenti. Ngoja kwanza. Kitu kilichotumika mara moja bado ni mchoro tu. Kikihitajika mara ya pili, kinakili. Kikirudi mara ya tatu, hapo kimeomba chenyewe, nawe usikinyime haki yake.

Nashikilia mara tatu kwa sababu balaa hili lina pande mbili, na zote zimenikosesha usingizi.

Upande wa kwanza ni wa wapenda kunakili. Niliwahi kukabidhiwa faili la programu ya mikopo midogo, skrini sitini na zaidi, nikaambiwa kazi ni nyepesi: kampuni imebadili nembo, basi kijani cha vitufe kiwe kijani kipya. Nikabofya kitufe cha kwanza, nikabadili rangi, kikabadilika peke yake. Nikaenda cha pili, hali ileile. Kila kitufe kilikuwa yatima. Kufikia saa nane usiku nilikuwa nimekusanya vijani kumi na kimoja, kila kimoja kikidai ndicho cha kampuni, na vitufe vya urefu tofauti vikiwa vimepangana kama wanafunzi wa madarasa yote kwenye mstari mmoja. Aliyechora hakuwa mvivu. Alifanya kazi ileile mara mia mbili, na hakuna mvivu awezaye hilo.

Upande wa pili ni wa walioonja komponenti wakalewa. Hawa hata mstari mwembamba wa kutenganisha aya wameufanya komponenti, ukapewa varianti sita na maelezo marefu kuliko wenyewe. Ukitaka kubadili neno moja kwenye kadi, unafungua komponenti iliyo ndani ya komponenti iliyo ndani ya komponenti, kama anayemtafuta mjomba kwenye ukoo usio na mkubwa. Hawa nawaonea huruma zaidi, maana walikuwa na nia njema.

Sasa tuelewane komponenti ni nini. Wengi huifananisha na kalibu ya matofali: unatengeneza kalibu moja, unafyatua matofali elfu. Mfano huo unafika nusu ya njia. Kalibu ukiibadilisha leo, matofali ya jana hayana habari. Komponenti ni kalibu ambayo ukiipanua, ukuta uliokwisha kujengwa nao unapanuka. Ile unayoitengeneza ndiyo komponenti kuu. Zile unazozipanga kwenye skrini ni nakala zake, na kila nakala imefungwa kamba inayorudi kwa mama. Ukimvalisha mama rangi mpya, watoto wote wanaamka wameivaa.

Wazo hili lina umri mkubwa kuliko wengi wetu tunaolitumia. Mwaka 1963, Ivan Sutherland aliwasilisha tasnifu yake katika chuo cha MIT, Marekani, kuhusu programu aliyoiita Sketchpad. Ilifanya kazi kwenye kompyuta ya TX-2, na mchoraji aligusa kioo kwa kalamu ya mwanga. Humo tayari kulikuwa na mchoro mkuu na nakala zake: ukirekebisha mchoro mkuu, nakala zote zinarekebika. Figma ilifunguliwa kwa umma mwaka 2016, miaka 53 baadaye. Kwa hiyo mtu akikuambia komponenti ni mtindo wa vijana utakaopita, mwambie ulianza kabla Kenya haijapata bendera yake.

Turudi kwenye kitufe. Kabla ya kukigeuza, kitazame kama unavyotazama kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Kitufe nacho kina pindo lake, ambalo ni mpaka na pembe. Kina mji, ambao ni rangi ya katikati. Na kina jina, yale maneno anayosoma mtumiaji. Mchora kanga wa kwetu hahitaji darasa la kumweleza kwamba pindo na mji vinaweza kubaki vilevile jina likabadilika. Fanya hivyohivyo: pindo na mji vikae kwenye komponenti kuu, jina liwe sifa ya maandishi inayojazwa upya kwenye kila nakala. Usitengeneze komponenti ya "Tuma", nyingine ya "Lipa", nyingine ya "Ghairi". Hiyo ni kanga moja yenye majina matatu.

Jina hilo ndilo litakalokuumbua kama umechora kitufe chenye upana uliogandishwa. Nimeona vitufe vingi vilivyochorwa kwa maneno ya Kiingereza na kuletewa Kiswahili siku ya mwisho. "Save" ina herufi nne, "Hifadhi" ina saba. "Confirm" ina saba, "Thibitisha" ina kumi. Kisha anatokea mtu wa masoko anataka "Endelea kwenye malipo", na maneno yanamwagika nje ya kitufe kama uji uliochemka bila mtu. Tiba yake ni mpangilio wa otomatiki, ambao Figma iliuleta mwishoni mwa 2019: unaweka nafasi ya ndani kushoto na kulia, juu na chini, halafu kitufe kinanenepa na kukonda kufuata maneno. Na unapojaribu komponenti yako, ijaribu kwa Kiswahili kirefu kabisa unachoweza kukifikiria. Hili si ombi la hisani. Mtumiaji wa Singida au Kisii ana haki ya kusoma neno zima.

Sasa varianti, na hapa naomba utulie maana ndipo wengi wanapozama. Varianti ziliingia Figma mwaka 2020. Ni namna ya kukusanya sura mbalimbali za kitu kimoja chini ya paa moja. Kitufe chako kina ukubwa wa aina tatu: kidogo, cha kati, kikubwa. Kina vyeo vitatu: kikuu, cha pili, cha hatari. Kina hali tano: kimetulia, kimepitiwa na kishale, kimebonyezwa, kimezimwa, kinasubiri mtandao. Tatu mara tatu mara tano ni 45. Hapo unapumua, unasema si mbaya. Kisha unakumbuka ikoni: vingine vinayo kushoto, vingine havina. Zimekuwa 90. Vingine vinayo kulia. Zimefika 180, na kompyuta yako imeanza kuvuma kama pikipiki inayopanda mlima wa Lushoto na abiria watatu.

Usifike huko. Tangu 2022 kuna sifa za komponenti, na mojawapo ni ya ndiyo au hapana. Ikoni ya kushoto ipo? Ndiyo au hapana. Ya kulia ipo? Ndiyo au hapana. Swichi mbili hizo zinabeba kazi ya varianti 135, nawe unabaki na 45 zako. Sifa nyingine hukuruhusu kubadilisha ikoni yenyewe bila kugusa kitufe. Kanuni ninayoifuata: kinachobadili umbo au rangi kiwe varianti, kinachoonekana au kufichwa kiwe swichi, kinachosomwa kiwe maandishi.

Rangi zenyewe zitaje kwa majina kupitia vigeu, vilivyokuja 2023, badala ya kuandika namba ya rangi kwenye kila varianti. Hili ni fupi lakini lingeniokolea usiku ule wa vijani kumi na kimoja.

Kuna mtego mmoja ambao hauonekani mpaka umenasa. Nakala ukiibadilisha kwa mkono, ukaipaka rangi nyingine, Figma inaheshimu uamuzi wako. Siku mama anabadili rangi, nakala hiyo inabaki na ya kwake, kwa sababu ulishaiambia isisikilize. Ndiyo maana mtu anabadili komponenti kuu, anaona skrini 40 zimetii na tatu zimegoma, anapiga meza akidai programu imeharibika. Haijaharibika. Kuna mtu alipitisha brashi. Amri ya kufuta mabadiliko hayo ipo palepale pembeni. Itumie, kisha umwulize mwenzako kwa upole kwa nini alihitaji rangi ile. Mara nyingi utagundua hakuwa mkaidi. Alihitaji varianti ambayo hukumpa.

Vivyo hivyo kwa amri ya kukata kamba, Ctrl+Alt+B, inayogeuza nakala kuwa michoro ya kawaida isiyomjua mama. Mimi naiita kuvunja undugu. Ina mahali pake, hasa ukiwa unajaribu wazo jipya pembeni. Kwenye skrini inayokwenda kwa watengenezaji, kila undugu uliovunjwa ni kitufe yatima anayezaliwa upya.

Majina nayo. Faili lenye tabaka "Frame 427", "Frame 427 mpya" na "Frame 427 mpya ya mwisho kabisa" si faili, ni mazishi. Tumia mkwaju (/) kupanga: Kitufe/Kikuu/Kikubwa, na Figma itaviweka kwenye makundi yanayofunguka vizuri. Kabla ya kuchagua jina, mwulize anayeandika msimbo yeye anakiitaje, mkubaliane neno moja. Kama kwake ni "kadi" na kwako ni "kisanduku", mtakutana kwenye kikao cha saa mbili ambacho neno moja lingekizuia. Na kuna sehemu ya maelezo kwenye kila komponenti; andika humo sentensi moja tu, kitufe hiki kitumike lini na kisitumike lini.

Nimeacha mwisho jambo ninalolijali kuliko yote. Apple inashauri eneo la kugusa lisipungue pointi 44 kila upande. Mwongozo wa Material wa Google unasema 48. Viwango vya WCAG vya ufikivu wa tovuti vinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Mama anayeuza samaki soko la Feri jua likiwa utosini, kioo cha simu kimepasuka na vidole vina maji, anazihitaji namba hizo kuliko wewe unayechora ndani ya ofisi yenye kiyoyozi. Ukikosea kwenye komponenti kuu, umekosea kila skrini kwa pigo moja. Ukiziweka sawa humo, kila msanifu atakayetumia kitufe chako, hata mgeni wa jana, atamhudumia yule mama vizuri bila kujua.

Basi jioni hii fungua faili lako la kazi. Hesabu vitufe vyake vikuu vyote, viandike kwenye karatasi na rangi zao na vimo vyao. Chagua kimoja kilicho bora, kipe nafasi ya ndani, kipe jina linalosomeka, kijaribu kwa "Endelea kwenye malipo", ndipo ubonyeze Ctrl+Alt+K. Vilivyobaki vibadilishe kesho, kimoja kimoja, vikiwa nakala zake.