Shangazi Bikoni Anajibu

Hapa tunapokea migogoro ya mipaka ya kila namna: ya shamba, ya malisho, na wiki hii hata ya angani.

*Shikamoo Shangazi. Nacheza Stellaris, ule mchezo wa kompyuta wa kujenga dola kwenye nyota. Nilipoanza, kila nyota niliyoikuta tupu niliisimika kituo. Sasa nusu ya ramani ni rangi yangu, lakini ushawishi umekauka, utafiti unatambaa, na majirani wawili wamenikasirikia. Nifanyeje? – Kaizari wa Magomeni, Kilosa*

Marahaba, mwanangu. Ugonjwa wako tuliuugua Kilosa kabla kompyuta hazijafika. Kulikuwa na mabwana wa mkonge waliomilikishwa ardhi mpaka jicho lichoke. Bei ya mkonge ilipoanguka wengi walijiondokea. Hati zikabaki kabatini mjini, huku shambani wakabaki nguruwe pori. Kwenye ramani bado lilikuwa shamba la bwana fulani. Pembeni yake mwanakijiji anakodi nusu ekari apande mahindi! Mwishowe serikali ikafuta hati za mashamba pori kadhaa wilayani, na sikuona aliyelia.

Sasa wewe. Kituo kimoja, kabla hata ya nyongeza ya umbali, kinakula aloi 100 na ushawishi 75. Aloi utanunua sokoni ukipungukiwa. Ushawishi hauuzwi, unaingia kidogokidogo kila mwezi kama mshahara wa mwalimu, nawe umeutumia wote kununua vichaka. Tena ukubwa wa dola ukivuka 100, kila utafiti unapanda bei.

Acha kusimika. Tafuta mlango. Itazame Mikumi: mji wenyewe mdogo, lakini gari la Dar es Salaam linalokwenda Iringa, Mbeya au Zambia linapita pale, na wa Ifakara anakata kona palepale. Nyota iliyokaa hivyo ilinde kwa nguvu zako zote. Zile za pembeni zisizo na madini wala sayari ya kukalika, waachie hao majirani walionuna wagombanie wenyewe.

*Shangazi, jirani yangu ana kilomita za mraba 3,230, na bado usiku anakuja kula mahindi kwenye ekari zangu mbili. Hapigi hodi. – Mama Ekari Mbili, Mikumi*

Pole, mama. Jirani huyo ni Hifadhi ya Taifa. Ilianzishwa mwaka 1964, na mwaka 1975 ikaongezewa eneo. Wajumbe wake wana tani kadhaa kila mmoja, kwa hiyo kuwapigia debe peke yako gizani sikushauri.

Zungushia shamba kamba ya katani yenye vitambaa vilivyolowekwa oili chafu iliyokorogwa na pilipili ya kusaga. Harufu inamkera tembo. Mvua ikinyesha, paka upya. Wengi wanapaka mara moja kisha wanasema dawa haifanyi kazi. Mwenye uwezo atundike mizinga kwenye waya kati ya nguzo, tembo akigusa waya nyuki watoke wamuulize shida yake. Hapo na asali utapata.

Wakishakula, usifyeke mabua. Mwite mtendaji wa kijiji na afisa wanyamapori waone kwa macho yao, maana bila tathmini hakuna kifuta jasho. Nacho si fidia, usikipigie hesabu ya ada ya mtoto. Hapo sheria ingefaa iwe na huruma zaidi, na wabunge wetu wamelisema sana.

*Ng'ombe wamelala kwenye mpunga wangu mara ya pili. Nimenunua panga jipya. – Nimechoka, Rudewa*

Lirudishe dukani leo. Desemba 2000, hapo hapo Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Mengine kwenye safu hii nitachekea, hilo hapana.

Mwite bwana shamba athamini hasara kabla mpunga haujainuka tena. Kisha nenda Baraza la Ardhi la Kijiji: wajumbe 7, wanawake wasipungue 3, na kazi yao ni kusuluhisha. Mfugaji naye mwulizeni ng'ombe wafike mtoni kwa njia gani, kama kila mapito yamelimwa. Mara nyingi jibu lake litawanyamazisha. Kijiji kikikosa mpango wa matumizi ya ardhi uliopitishwa na mkutano mkuu, mwakani mtakuwa palepale, yeye na fimbo yake, wewe na barua yako kwangu.

*Shangazi, mto Mkondoa umemega robo ekari yangu, ng'ambo jirani yangu kapata mchanga mpya na keshapanda bamia. Nimshtaki nani? – Mkata Rufaa, Kilosa mjini*

Mafuriko ya mwaka 2010 Mkondoa huohuo uliing'oa Reli ya Kati, mali ya serikali yenye wanasheria wa kulipwa, na sijasikia kwamba mto uliitwa shaurini. Wewe una robo ekari na hasira. Mwombe jirani bamia.