Chumvi Barabarani, Mafuta Uvunguni

Hamilton, Ontario

Kwa Mjomba, na wote watakaokuwa kibarazani barua hii ikisomwa,

Mimi mzima, na gari nalo zima kwa juu. Habari yenyewe iko chini, maana binamu kanipigia simu kwamba mmekaa kikao na kuhoji iweje mtu mwenye akili timamu ampe fundi pesa alipake gari mafuta mahali pasipoonekana. Nimesikia pia Bibi ameuliza kama nimeanza mambo ya waganga. Hapana, Bibi. Ila masharti yanakaribiana.

Chanzo ni chumvi. Huko kwetu Masagati chumvi ina heshima zake: inapanda na pikipiki kutoka Mlimba, dukani inapimwa, na mtoto akiimwaga anakumbushwa mpaka siku anayooa. Huku inamwagwa kwa malori. Na anayemwaga ni halmashauri ya mji, tena kwa bajeti iliyopitishwa. Wakitabiri theluji, lori linapita usiku na sahani inayozunguka kwa nyuma, linarusha chumvi kulia na kushoto kama mtu anayelisha kuku. Maji matupu huganda kwenye nyuzi sifuri. Yakiingiwa na chumvi yanagoma kuganda mpaka baridi izidi hapo. Basi barafu inalegea, matairi yanashika lami, watu wanafika kazini wakiwa hai. Kwa hilo sina ugomvi na halmashauri.

Chumvi yenyewe haitoki mbali. Kuna mji unaitwa Goderich, kando ya Ziwa Huron. Mwaka 1866 walitoboa ardhi wakitafuta mafuta, wakaangukia chumvi. Leo mgodi wake unahesabiwa kuwa mkubwa kuliko migodi yote ya chumvi ya chini ya ardhi duniani, zaidi ya mita 500 kwenda chini, na umejipenyeza hadi chini ya ziwa. Kwa hiyo walitafuta mafuta wakapata chumvi, na sasa chumvi hiyohiyo inatupeleka sisi kununua mafuta.

Baridi ikipita nyuzi kumi chini ya sifuri, chumvi ya kawaida inaanza kuchoka. Hapo wanaongeza ndugu yake mkali, kalsiamu kloraidi. Miji mingine ya Kanada inachanganya maji ya chumvi na molasi ya viazisukari. Molasi, Mjomba! Kule kwenye miwa ya Kidatu watu wanajua pa kupeleka molasi, na barabara haimo kwenye orodha. Jirani zetu wa Wisconsin, Marekani, wao wamewahi kumwagia barabara maji ya chumvi yaliyobaki viwandani baada ya kutengeneza jibini. Mtu ana njaa asubuhi, anaendesha juu ya kifungua kinywa.

Sasa uchafu huo wa theluji, chumvi na molasi unarushwa na matairi mpaka uvunguni. Unaingia kwenye maungio ya bati, kwenye mikunjo ya chini ya milango, juu ya paipu za breki, unatulia. Chuma na maji na hewa vikikutana kutu lazima ipatikane, lakini maji yenye chumvi yanapitisha umeme mdogo wa kutu upesi zaidi kuliko maji ya mvua, na chumvi inavuta unyevu kutoka hewani, gari halikauki. Lililonishangaza ni hili: baridi kali kabisa inalipumzisha gari, kutu inazorota. Theluji ikiyeyuka ndipo kutu inapofanya kazi. Mwenye banda lenye hita anaingiza gari usiku kwa mapenzi, barafu inayeyuka, kutu inafanya kazi zamu ya usiku kwenye joto zuri. Langu mimi linalala nje. Nilidhani ni umaskini, kumbe ni utunzaji.

Jirani yangu, mzee wa Bukavu, alikuwa akilalamika kwamba zulia la gari lake linalowa kila akiendesha. Akadhani ni paa. Siku moja akalifunua, akaona barabara inapita. Gari lenye sakafu iliyotoboka huku huwezi kumuuzia mtu kwa ajili ya kuendeshwa mpaka lipate cheti cha usalama, na fundi hatoi cheti huku anakuona viatu kutokea chini, maana moshi nao unapitia tundu hilohilo. Mzee akaliuza kwa mtu wa vyuma chakavu. Bado analitaja kwa jina.

Ndiyo maana nikaenda kwa fundi kabla ya theluji ya kwanza. Alilinyanyua gari na mashine, tukasimama chini yake wote wawili tukitazama juu. Akachukua bisibisi, akagonga chesisi: ngo, ngo, ngo. Akahamia karibu na gurudumu la nyuma: pu. Akanitazama. Sikuhitaji mkalimani.

Zipo njia mbili. Moja ni kupiga lami ya mpira, nyeusi, inayokauka na kung'aa. Inapendeza, lakini ikipata ufa maji yanaingia nyuma yake yasitoke, na kutu inakula kwa faragha. Ya pili ni mafuta yasiyokauka, yanayotambaa yenyewe mpaka kwenye maungio, na yanarudiwa kila mwaka. Fundi alitoboa matundu madogo milangoni, akaingiza mrija mwembamba, akapuliza mpaka mafuta yakachuruzika kwenye vitundu vya kutolea maji, kisha akaziba matundu yake kwa vizibo vya plastiki. Mafuta aliyotumia yametokana na sufu ya kondoo, jamii ileile wanayotia kwenye losheni za ngozi. Bibi, gari langu linapakwa losheni kuliko mimi. Na siku za kwanza linanukia kondoo aliyenyeshewa.

Najua Mjomba utasema mbona oili chafu tunayopaka nguzo dhidi ya mchwa inatosha. Ile imebeba asidi na unga wa vyuma kutoka kwenye injini, na huku ikidondoka ardhini wanakufuata kwa sheria.

Baada ya kupaka, wazee wa hapa wanashauri utafute barabara ya vumbi, uendeshe polepole, vumbi linase kwenye mafuta. Mimi, niliyemeza vumbi la Mlimba kiangazi baada ya kiangazi nyuma ya Fuso, nikachoma petroli kutafuta vumbi ugenini! Nilipopata barabara ya changarawe, vumbi lilikuwa haba. Kumbe halmashauri za huku humwagia barabara hizo dawa ya kutuliza vumbi. Nikauliza dawa gani. Kalsiamu kloraidi.

Wala si mimi peke yangu niliyetoka kwetu kuja kwenye chumvi: wale vyura wetu wa korongo la Kihansi, waliochukuliwa mwaka 2000 kwenda kufugwa Bronx, New York, na baadaye Toledo, Ohio, waliishi mikoa hiihii ya chumvi, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni kwao. Wamewahi kurudi kuliko mimi. Lakini wao hawakununua gari.

Mwisho, neno kwako Baba Mdogo, kuhusu hiyo Toyota Noah unayotaka kununua. Usingoje nikutumie gari kutoka huku. Usukani uko kushoto na uvungu umeshaliwa. Nunua la Japani, ila ujue kwamba Japani nako kuna Hokkaido na mikoa ya kaskazini inayopigwa theluji na chumvi. Ukifika Dar usihangaike na redio wala viti. Tandika gazeti, ingia chini na tochi na bisibisi. Tazama paipu za breki, pitisha vidole nyuma ya fenda, gonga chesisi usikie kama inajibu ngo au pu. Ukikuta kote kumepakwa rangi nyeusi mpya na gari ni la miaka kumi na mitano, kwaruza. Dalali atakuapia kwamba lilikuwa la mwalimu mstaafu aliyeliendesha kwenda sokoni tu. Mpe bisibisi, mwambie alale chini agonge yeye.

Mpwa wako