Kengele ya Musenji

Nilinunua mbwa alinde bata wangu. Wiki ya kwanza tu mwizi akaingia uani kwetu, komini ya Mangobo, akabeba bata wawili. Mbwa alimtazama mpaka mwisho, paji limekunjamana kama la hakimu anayesikiliza kesi ya kiwanja. Hakubweka. Mke wangu akaniuliza kama nilileta mlinzi au shahidi.

Wawindaji wa upande wa Bafwasende walioniuzia walikuwa wameniambia wazi: "Papa, huyu habweki." Nikadhani wanamsifu adabu. Kumbe koo lake limeumbwa hivyo. Badala ya kubweka hutoa sauti ya mtu anayeimba huku akipiga miayo. Wangu huimba saa tisa ya usiku. Mara ya kwanza, Mama Jirani alikemea pepo hadi alfajiri, na kulipokucha avenyu nzima ilijua kwamba nafuga ndoki.

Nikampigia simu mdogo wangu aliyeko Brussels ili nilalamike. Akacheka. Kule, akasema, mbwa huyu ana karatasi nyingi kuliko ukoo wetu. Waingereza walimwonyesha kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts mwaka 1895, lakini wale wa kwanza wakafa kwa maradhi; waliopelekwa pale mwaka 1937 watu waliwasongamania. Wamarekani wakamwandikisha mwaka 1943, na mwaka 1987 na 1988 walikuja mpaka Zaire kutafuta damu mpya. Safari zote hizo, na jina walilomwachia ni lile lile tunalotukania watu: basenji.

Basi nikasema nami nimfuge kwa heshima. Tukapanda toleka kwenda kuchanjwa, mbwa mapajani. Mwenye baiskeli alidai nauli ya watu wawili, kwa kuwa abiria wa pili alimlamba shingo njia nzima. Daktari wa mifugo akafungua kadi.

"Jina?"

"Basenji."

Akaniangalia. "Basenji ni wengi, papa. Mimi naona mmoja."

Akaandika Musenji. Akamchoma sindano ya kichaa cha mbwa, akaniagiza nimrudishe mwakani. Na siku mbwa yeyote akimuuma mtu, akasema, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, kisha mbio hospitali, siyo kwa nganga. Dalili zikishatokea, hakuna dawa. Musenji alisikiliza kwa makini. Halafu akala kona ya kadi.

Hayo yalikuwa mepesi. Shida yenyewe ilikuwa makayabu ya Mama Jirani. Musenji hupanda ukuta kama paka, na kama paka hujilamba mwili mzima akimaliza, kwa hiyo hata harufu ya ushahidi haibaki. Nimelipa samaki ambao sikuwahi kuwaonja. Kumfunga kamba mchana kutwa sikuweza: mbwa aliyezaliwa kukimbiza wanyama kwenye nyavu za msituni, ukimfunga anakula mlango. Namtembeza kila asubuhi mpaka daraja la Tshopo na kurudi. Mimi ndiye ninayerudi nimechoka.

Mwishowe nikakumbuka wawindaji. Kwa sababu mbwa hawa hawabweki, wao huwavisha kengele ya mti shingoni, wapate kuwasikia vichakani. Nikachonga moja, nikamvisha. Ikawa raha kwa avenyu: ikilia ko-ko-ko, akina mama wanafunika vyungu. Mama Jirani akaanza kunisalimia tena, hata akatuletea lituma.

Jumapili iliyopita nimelala kidogo baada ya misa. Ko-ko-ko, nyuma ya nyumba. Nikageukia upande wa pili, moyo umetulia. Mbwa yuko uani. Ko-ko-ko. Mara ukelele ng'ambo ya ukuta: "Papa Jirani! Makayabu!"

Nikatoka mbio. Uani alikuwepo mwanangu wa mwisho, wa miaka minne, kengele shingoni, anatambaa kwa magoti na kunusa bata.

"Papa," akaniambia, "leo mimi ndiye Musenji."